Marumaru iliyopinda: jengo la Chicago lililobadilishwa ngozi, na mawe ya kwetu Ukambani

Leo tuweke programu kando kidogo, wasomaji wangu, tuzungumze juu ya mawe. Msikimbie! Kompyuta zitarudi kabla hatujafika mwisho, maana kisa hiki kinafanana na kazi yetu ya kuandika programu kuliko mtu angedhani.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Kitui na Makueni imekuwa ikipanda juu. Kitui mjini, Mwingi, Wote, Emali, Kibwezi, kote huko utaona ghorofa jipya, na kila ghorofa linataka sura. Zamani sura ilikuwa rangi tu. Siku hizi ni mawe ya kubandika ukutani: Galana, Mazeras, graniti iliyong'arishwa, na mwenye pesa zaidi anaulizia marumaru. Muuzaji ataulizwa bei, ataulizwa rangi, ataulizwa kama jiwe litaendelea kung'aa. Swali la unene huja mwisho kabisa, na likija huwa ni kwa nia ya kupunguza gharama: "Huna nyembamba kuliko hii?"

Basi kuna jengo moja duniani lililouliza swali hilo hilo, likapewa jibu baada ya miaka kumi na kitu, na jibu lenyewe liligharimu zaidi ya dola milioni 80. Historia yake inastahili kujulikana Wote na Kitui kama inavyojulikana kwa wahandisi wa Marekani.

Jengo hilo liko Chicago, karibu na Ziwa Michigan. Lilijengwa kuwa makao makuu ya kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya Indiana, ambayo baadaye ilijiita Amoco. Lina ghorofa 83 na urefu wa mita 346. Lilipokamilika mwaka 1973 lilikuwa ndilo refu kuliko yote mjini humo, mpaka Sears Tower likalipita muda mfupi baadaye. Tangu 1999 linaitwa Aon Center. Msanifu wake alikuwa Edward Durell Stone, akishirikiana na kampuni ya Perkins and Will. Naam, jina lake la mwisho maana yake ni jiwe, na kweli mtu huyu alipenda mawe. Ukumbi wa Kennedy Center ulioko Washington, uliofunguliwa mwaka 1971, ni kazi yake pia, na umevikwa marumaru nyeupe ya Carrara ambayo Italia iliitoa kama zawadi.

Kwa jengo la Chicago alichagua jiwe hilo hilo. Carrara ni mji wa Italia ya kaskazini ambako marumaru imechimbwa tangu enzi za Warumi, na ndiko Michelangelo alikokwenda kuchagua mawe yake. Ukitafuta jiwe lenye jina zuri kuliko hilo hutalipata. Vibao 43,000 vilikatwa, vikasafirishwa, vikafungwa kwenye kiunzi cha chuma kutoka chini hadi juu. Hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani lililovikwa marumaru. Picha za wakati ule zinaonyesha mnara mweupe pee ulionyooka kando ya ziwa la buluu, na hata mimi nisiyependa majengo ya makampuni ya mafuta nakiri kwamba ulipendeza.

Shida ilikuwa kwenye namba moja ndogo. Vibao vile vilikuwa na unene wa inchi moja na robo, vingine inchi moja na nusu. Yaani sentimita tatu na kidogo. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuvisha jengo la namna hiyo marumaru nyembamba kiasi hicho.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu historia ya unene ndiyo historia yenyewe. Kwa maelfu ya miaka jiwe lilikuwa ndio ukuta. Lilibeba paa, lilibeba sakafu, lilibeba uzito wake lenyewe. Nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ukapime kuta za mawe ya matumbawe kwenye nyumba za zamani: nusu mita na zaidi. Juu ya ukuta ule kuna chokaa, na chokaa ile kila fundi wa pwani anajua kwamba ni ya kuliwa na mvua na chumvi. Baada ya miaka kadhaa inapakwa upya. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa ngozi ile iliwekwa ili iweze kubadilishwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani walianza kujenga kwa kiunzi cha chuma. Sasa chuma kilibeba kila kitu na jiwe likabaki kuwa vazi. Mwanzoni vazi lenyewe lilikuwa zito, inchi nne au zaidi, kwa kuwa mafundi wa mawe walikuwa bado wanafikiri kwa mazoea ya ukuta. Halafu zikaja misumeno yenye meno ya almasi, ambayo ingeweza kukata jiwe jembamba kama mkate. Kila mwaka mtu alipunguza kidogo. Jiwe jembamba ni jepesi, jepesi halihitaji chuma kingi, chuma kidogo ni pesa iliyobaki mfukoni. Hesabu tamu kabisa!

Ila kuna hesabu nyingine. Nguvu ya kibao kuhimili kupindwa haipungui sawasawa na unene, inapungua kwa mraba wake. Ukipunguza unene nusu, nguvu inabaki robo. Kutoka sentimita 10 hadi sentimita 3.2, nguvu inayobaki ni kama sehemu moja ya kumi. Na hiyo ni kwa jiwe ambalo bado ni zima.

Je, marumaru hubaki nzima? Tuanzie nyumbani, kwa maana watu wa Ukambani wana jibu la nusu tayari.

Nchi yetu ni nchi ya mawe. Ukitoka Makueni ukavuka mto Athi kwenda Kitui, unakutana na mgongo wa Yatta, lava iliyoganda na kunyooka kwa karibu kilomita 300. Ukishapita hapo uko juu ya miamba ya kale sana, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Karibu na Kitui mjini kuna Ivia ya Nzambani, lile jiwe kubwa lenye ngazi ya chuma, ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. (Sijazunguka. Msiniulize.) Miamba mitupu ya aina hii hubambuka magamba kama kitunguu. Sababu kubwa ni kwamba mzigo wa ardhi uliokuwa juu yake umeondoka, mwamba ukapumua na kupasuka kwa matabaka, lakini utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba jua nalo linachangia, kwa kuutanua mchana na kuunywesha usiku.

Wavunja kokoto wanajua zaidi. Katika sehemu nyingi za nchi hii, mwamba ukiwa mgumu mno kwa nyundo, mtu hukoka moto juu yake, akausubiri uive, wakati mwingine akamwaga maji ya baridi. Mwamba unalia, unapasuka. Hiyo ni fizikia kamili, bila darasa. Joto halikuyeyusha chochote. Limefanya sehemu moja ya jiwe itanuke na nyingine ikatae.

Sasa marumaru ina siri yake ya ziada. Imejengwa kwa chembe za madini yanayoitwa kalsiti, na kalsiti ina tabia ya ajabu. Ukiipasha joto, inarefuka upande mmoja na wakati huo huo inanywea upande mwingine. Kwa kila nyuzi moja ya joto, upande mmoja unaongezeka kama sehemu 26 kwa milioni, na upande wa kukata unapungua kama sehemu 6. Namba ndogo sana, ndiyo. Lakini ndani ya kibao kuna mamilioni ya chembe na kila moja imelala upande wake. Jua likipiga, hii inasukuma, ile inavuta. Mahali zinapokutana panaachia kidogo. Usiku ukifika kila chembe inarudi saizi yake, lakini haijipangi tena sawasawa kama ilivyokuwa. Panabaki nafasi, ndogo kuliko unywele. Kesho maji ya mvua yanaingia mle, jua linapiga tena, na nafasi inakua.

Waandishi wa programu wenzangu, mmeshautambua ugonjwa huu? Ni uvujaji wa kumbukumbu! Kwa wasio wa fani yetu: kuna programu ambazo kila zikifanya kazi huomba kompyuta kipande kidogo cha kumbukumbu, kisha zinasahau kukirudisha. Ukiijaribu kwa dakika kumi haina tatizo. Ukiijaribu siku nzima haina tatizo. Unaiweka kwa mteja, inakimbia miezi mitatu, halafu usiku mmoja seva inaanguka na hakuna mtu aliyebadilisha chochote. Marumaru inafanya hivyo hivyo. Kila siku inachukua nafasi kidogo na hairudishi. Majaribio ya kiwandani, ambako kibao kipya kinapimwa nguvu siku moja na kupewa muhuri, hayawezi kuuona ugonjwa huu kabisa.

Kwenye jiwe nene, uharibifu unakaa juu juu na moyo wa jiwe unaushikilia. Kwenye jiwe la sentimita tatu hakuna moyo. Upande wa nje na wa ndani haviishi maisha mamoja ya joto na unyevu, mmoja unavimba kuliko mwingine, na kibao kinaanza kupinda kama mbao mbichi iliyoachwa juani. Chicago si mahali pa kujaribia jambo hili. Majira ya joto yanapita nyuzi 35, na mwezi Januari 1985 mji huo ulifika nyuzi 33 chini ya sifuri, rekodi yake mpaka leo.

Dalili zilianza mapema mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jengo likiwa bado jipya kabisa, kibao kimoja cha uzito wa pauni 350, yaani kama kilo 159, kilichomoka na kutoboa paa la jengo jirani la Prudential. Kibao kimoja kati ya 43,000! Mtu yeyote aliyewahi kupokea ripoti ya kwanza ya hitilafu anajua kishawishi kinachokuja: tuseme ni ajali, tufunge tiketi, tuendelee.

Mwaka 1985 ukaguzi ulikuta nyufa nyingi, na vibao vingi vimepinda kwenda nje. Uchunguzi ukaanza, kampuni ya wahandisi ya Wiss, Janney, Elstner ikihusika. Walipima vibao vilipinda kiasi gani. Vingi vilikuwa vimepita nusu inchi. Walivishusha vingine, wakavivunja kwenye mashine, wakaona nguvu imeshuka sana ukilinganisha na siku vilipotoka Carrara. Baya zaidi ni kwamba hakukuwa na dalili ya kusimama. Namba zilikuwa zinashuka kila mwaka, na mstari wake kwenye karatasi ulionyesha unakoelekea.

Cha kwanza walichofanya ni kiraka. Walizungushia vibao mikanda ya chuma cha pua ili visidondoke juu ya watu wakati wanafikiri. Na hapa nawatetea. Watu hudharau kiraka, lakini kiraka kilichowekwa na mtu anayejua kwamba ni kiraka ni kazi ya heshima. Ubaya ni kiraka kinachogeuzwa kuwa suluhisho na kusahauliwa.

Halafu ukaja uamuzi wenyewe. Kubadilisha vilivyoharibika tu? Basi utarudi kila mwaka, milele, maana ugonjwa uko ndani ya vyote. Kuweka marumaru mpya? Ni kununua ugonjwa ule ule kwa pesa mpya. Wakaamua kuvua vibao vyote 43,000 na kuweka graniti nyeupe kutoka Mount Airy, jimbo la North Carolina, yenye unene wa inchi mbili. Kazi ilifanyika kuanzia 1990 hadi 1992. Amoco haikupenda kutaja gharama kamili, lakini makadirio ni zaidi ya dola milioni 80, kiasi kinachopita nusu ya gharama ya kujenga jengo zima, bila kuhesabu mfumuko wa bei.

Fikirini kazi hiyo. Mnara wa mita 346 wenye ofisi zinazofanya kazi ndani, watu wanaingia asubuhi na kutoka jioni, na nje yake ngozi yote inabanduliwa kibao kwa kibao na kuwekwa nyingine, pepo za ziwa zikivuma. Sisi tukihamisha kanzidata usiku mmoja bila kuzima tovuti tunajisifu mwezi mzima!

Kwa nini graniti, na kwa nini inchi mbili? Graniti nayo ni chembe zilizoshikana, na moto wa mvunja kokoto umeshatuonyesha kwamba nayo ina mpaka wake. Lakini madini yake, kwatzi na feldspa, hayana ile tabia kali ya kalsiti ya kurefuka huku na kunywea kule, na kwa joto la kawaida la jua hupoteza nguvu kidogo sana. Kuhusu unene, rudini kwenye hesabu ya mraba: kutoka inchi moja na robo hadi inchi mbili, uwezo wa kuhimili kupindwa unaongezeka karibu mara mbili na nusu, hata kabla hujahesabu kwamba graniti yenyewe ni ngumu zaidi. Bei yake ni uzito. Marumaru ya zamani ilikuwa kama kilo 86 kwa kila mita ya mraba, graniti mpya ni kama kilo 130. Uzito huo wote unaning'inia kwenye kiunzi kile kile cha 1973. Ndiyo maana nasema namba ile ya mwanzo haikuwa ya fundi wa mawe peke yake. Ilikuwa imeingia ndani ya mfumo mzima.

Na marumaru iliyovuliwa ilienda wapi? Theluthi mbili yake ilisagwa ikawa changarawe ya kupambia uwanja wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Amoco, huko Whiting, Indiana. Sehemu ilipewa chuo kikuu cha Governors State. Sehemu nyingine ilipewa karakana iliyoajiri wafanyakazi 25 wenye ulemavu, ambao waliichonga wakatengeneza saa za mezani na vitu vya kuwekea kalamu. Jiwe la Michelangelo, likaishia kushika biro!

Edward Durell Stone alifariki mwaka 1978, kwa hiyo hakuona haya. Lakini jambo linaloniuma ni jingine. Habari za ugonjwa huu zilikuwepo. Mwaka 1880 mwanajiolojia Archibald Geikie aliandika juu ya mawe ya makaburi ya Edinburgh, na akaeleza jinsi vibao vya marumaru vilivyovimba na kupinda kwenye fremu zake. Mwaka 1934 Lord Rayleigh, mwana wa yule mwanafizikia wa Nobel, alichapisha utafiti juu ya kupinda kwa marumaru na jinsi joto linavyoidhoofisha. Ilikuwa imechapishwa, kwa Kiingereza, katika majarida ya heshima, karibu miaka 40 kabla ya kibao cha kwanza kupandishwa Chicago. Ila waliokuwa wakisoma majarida yale hawakuwa wanajenga minara, na waliokuwa wakijenga minara walikuwa na kumbukumbu ya majengo ya Warumi yaliyosimama miaka 2,000. Majengo yale yalisimama kweli. Kwa mawe manene.

Nani mwingine aliumia? Toronto, Kanada, kuna mnara wa First Canadian Place wa mwaka 1975, na mshauri wa usanifu wake alikuwa Stone yule yule, marumaru ile ile ya Carrara. Mwezi Mei 2007 kibao cha kama kilo 140 kilianguka kutoka ghorofa ya 54. Wao hawakurudi kwenye jiwe kabisa. Kufikia 2012 walikuwa wameondoa vibao kama 45,000 na kuweka vioo vyeupe vipatavyo 5,000 na ushei. Paris nako, sehemu ya marumaru ya La Grande Arche, iliyofunguliwa mwaka 1989, ilibidi ipishe graniti.

Kisa cha Helsinki, Ufini, ndicho kinachonifanya nitikise kichwa. Ukumbi wa Finlandia, kazi ya Alvar Aalto ya mwaka 1971, ulipinda marumaru yake yote. Mjadala ukawa mkali: ni urithi wa taifa, sura yake isibadilishwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakavua Carrara ya zamani wakaweka Carrara mpya. Ikapinda tena! Hata hivyo siwacheki, kwani kushindwa kwao kulizaa elimu. Kati ya 2000 na 2005 watafiti wa nchi kadhaa za Ulaya walifanya mradi mkubwa wa kuchunguza kupinda huku, na jambo moja walilothibitisha ni kwamba marumaru hazifanani. Zile ambazo chembe zake zimekutana kwa kingo zilizonyooka, kama vigae vya sakafuni, huachia haraka. Zile ambazo chembe zimeumana kama meno ya zipu hustahimili zaidi. Kwa hiyo katika ukarabati mkubwa ulioanza 2022 ukumbi ulivikwa marumaru nyingine, ya Lasa, kutoka milima ya kaskazini mwa Italia, na ukafunguliwa tena Januari 2025. Ngozi ya tatu hiyo.

Na sisi je? Mwezi Septemba 1973, mwaka ule ule wa mnara wa Chicago, Nairobi ilifungua KICC, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, mita 105. Sura yake ni zege lenyewe, lenye rangi ya udongo mwekundu. Zege nalo lina magonjwa yake, lakini jengo lile halikuvikwa marumaru nyembamba ya kuja kupinda. Sitasema waliona mbali kuliko Stone. Nasema tu kwamba ukisimama mtaa wa City Hall Way ukatazama juu, unatazama uamuzi tofauti wa wakati ule ule.

Kwa Kitui na Makueni hofu yangu si minara ya mita 346. Hofu yangu ni ghorofa nne au tano juu ya kituo cha matatu, ukuta unaotazama magharibi, na kibao cha sentimita mbili kilichoshikiliwa na gundi. Usijidanganye kwamba kwa kuwa hatuna barafu tuko salama. Barafu huongeza maumivu, lakini Rayleigh hakuhitaji barafu kuona marumaru ikidhoofika, joto lilitosha. Na jua letu la Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaja, nyote mnalijua. Kisha mvua yenyewe huja ghafla juu ya jiwe lililochemka, kama yule mvunja kokoto na ndoo yake.

Tena kuna jambo la biashara. Kusini mwa Kitui, pande za Mutomo na Ikutha, kuna mawe ya chokaa yaliyopikwa na ardhi, ambayo kwa mwanajiolojia ni jamaa wa damu wa marumaru. Kwa miaka mingi yamezungumziwa kwa ajili ya saruji. Siku moja atatokea mtu wa kuyakata vibao na kuyauza kama jiwe la nyumbani, na mimi nitafurahi. Lakini mtu huyo aulizwe kuhusu chembe: zimekutana vipi? Kibao kikipashwa hadi nyuzi 80 na kupozwa, kikaloweshwa, kikapashwa tena mara hamsini, kinarudi urefu wake? Nguvu yake baada ya hapo ni kiasi gani? Maabara ya vifaa vya ujenzi inaweza kulifanya jaribio hilo, na si ghali ukilinganisha na kuvua ukuta mzima. Na mwenye jengo aulize kibao kimeshikwa na nini. Mahali pa juu, gundi peke yake haitoshi; panatakiwa vishikio vya chuma cha pua, na nafasi kati ya kibao na kibao ili jiwe likitanuka lipate pa kwenda. Fundi anayebana vibao vikagusana ili ukuta uonekane mmoja anautengenezea jua kazi.

Kuangalia ni rahisi. Simama kwenye kona ya jengo, jioni jua likiwa limelala, utazame ukuta kwa ubavu, si kwa mbele. Kibao kilichonyooka kina mwanga mmoja. Kilichopinda kina kivuli chembamba upande mmoja, na ukinyoosha uzi kutoka kona hadi kona utaona nafasi katikati au kwenye kingo. Ukijua jengo la pande hizi lenye marumaru ya nje iliyokaa miaka 20 au zaidi, nipigie picha ya ubavu namna hiyo na unitumie, pamoja na upande ukuta unaotazama na unene wa jiwe kama unaweza kuupima. Nikipata za kutosha nitaandika programu ndogo ya kupima mpindo kwenye picha, nami nitaiweka hapa bure.